Ufunguo wa Mtu Asiye na Ndugu

12 Oktoba, Jumamosi

Leo wamenipa ufunguo wa tangi, na sijui nishukuru au nitukane.

Mkutano ulikuwa asubuhi maneabani, jumba letu la mikutano, chini ya lile paa refu linalotukusanyia mvua. Kaya thelathini na moja, kila moja kwenye mkeka wake, mahali pake pa siku zote. Mwenyekiti wetu, Mzee Kaiea, akaeleza kisa kinachojulikana na kila mtu. Mwaka jana ufunguo alipewa Tabwere, mtu mwaminifu kabisa, na tangi likakauka kwa majuma matatu. Tabwere amezaliwa hapahapa Betio, nusu ya mtaa ni binamu zake. Binamu akija na bubuti, akakaa chini akasema "nakuomba", utafanyaje? Bubuti, yaani ombi la ndugu, halikataliwi. Ukikataa, utatembea na aibu hiyo mpaka kaburini na wanao watairithi. Basi Tabwere akatoa, akatoa, mpaka sote tukarudi kwenye visima vyetu vya chumvi na uvundo wa vyoo.

"Kwa hiyo safari hii," mzee akasema, "tunataka mtu asiye na ndugu."

Maneaba nzima ikageuka kunitazama.

Nilitoka kisiwa cha Nikunau miaka ishirini na sita iliyopita nikimfuata mume. Mume amefariki, ndugu zake wamehamia Fiji. Nina binti mmoja, Bwenaata, basi. Kila sikukuu hilo huwa aibu yangu, mkeka wangu una watu wawili wakati wa wenzangu umejaa mpaka miguu inatoka nje. Leo limegeuka sifa. Nikasimama nikasema, "Naupokea. Ila msije mkanililia. Kwetu Nikunau tumeshakaa miaka miwili bila mvua, na tuliishi kwa sababu mshika kata ya maji hakuwa na huruma."

Wakacheka. Sikuwa natania.

Majina ya kaya nimeyaandika mbele ya daftari hili la shule. Kurasa za nyuma zimebaki tupu, nazo sipendi kuziacha bure, kwa hiyo nitaandika yangu. Kijiti cha kupimia nimekitumbukiza mwenyewe: alama kumi na nane. Chini ya alama ya tatu ni matope. Kila kaya ndoo mbili kila siku ya pili, ambazo zinakula alama moja kwa wiki. Bomba la mtaa latoa maji likijisikia. Mvua za upepo wa magharibi zitaanza mwezi huu, au ujao.

14 Oktoba

Mgao wa kwanza. Tiroia, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, alikuja na ndoo ya buluu ambayo mtoto anaweza kuogea ndani.

"Hiyo si ndoo, Tiroia. Hilo ni pipa lenye mkono."

"Ina mpini? Ina mpini. Ni ndoo. Jaza."

Nikachukua mkaa nikachora mstari ndani, usawa wa ndoo za wenzake, nikajaza hadi hapo. Akanitazama kuanzia nywele mpaka vidole vya miguu. "Mwanamke mkavu wewe. Ndiyo maana wamekupa maji, uyaangalie tu."

Foleni nzima ikaangua kicheko. Nami nilicheka, lakini baadaye, nilipofika nyumbani.

19 Oktoba

Kumi na saba. Jua.

26 Oktoba

Kumi na sita. Mawingu yalikuja mpaka juu ya mwamba, yakatuangalia, yakaenda kunyesha baharini ambako hakuna aliyeyaita.

28 Oktoba

Nimemkamata Tiroia akifuta mstari wa mkaa kwa kidole gumba. Nimechora mwingine kwa rangi ya mtumbwi. Katika orodha, mbele ya jina lake, nimeandika: mwizi.

2 Novemba

Bwenaata anaolewa! Ameniambia jioni akipaa samaki, bila kuinua macho, kama mtu anayesema chumvi imekwisha. Kijana ni Riteti, fundi wa injini za boti, mpole, hacheki ovyo. Nimefurahi hadi nimeunguza mkate.

Baba yake ni Biribo. Huyo hahitaji kuelezwa mtaani kwetu: duka lake, ghala lake linalotazamana na maneaba, na mtambo wake wa barafu ambao wavuvi wote wanautegemea. Paa la ghala ni kubwa kuliko la kanisa, bati tupu, na halina hata mfereji mmoja. Mvua yake yote humwagika mchangani. Alipojenga alisema mtu mwenye lori la maji hahitaji kukinga kama maskini. Sasa lori la kumletea maji limeacha kuja, kwa kuwa huko linakochota nako kumekauka, na mtambo wa barafu unafanya kazi siku mbili kwa wiki.

9 Novemba

Kumi na nne. Kimya.

16 Novemba

Kumi na tatu. Mkojo wa watoto umekuwa wa manjano kama chai ya rangi. Nimewaambia kina mama wawape madafu, wakaniuliza madafu yako wapi. Kweli. Minazi yenyewe imeanza kudondosha nazi changa kama ngumi.

23 Novemba

Harusi imekwisha na miguu inaniuma. Biribo alichinja nguruwe wanne. Wageni walikuja na maji yao kwenye chupa na hakuna aliyeona ajabu. Tiroia alicheza upande wa bwana harusi, kwa sababu mama yake na mama wa Biribo walizaliwa tumbo moja. Kwa nini nilisahau jambo hilo? Anacheza vizuri, lazima niseme. Mikono yake haina ugomvi ikiwa hewani.

Biribo alinikumbatia mbele ya watu wote. "Sasa wewe ni wetu," akasema. Nililia. Miaka ishirini na sita nimesubiri mtu aseme maneno hayo kwenye mji huu.

Kumi na mbili.

25 Novemba

Kwenye foleni Tiroia aliinamia ndoo yake akaniambia polepole, "Hongera mama Bwenaata. Sasa una ndugu."

"Ahsante."

"Sikupongezi kwa furaha."

Nikamwambia aondoe ndoo, watu wanangoja. Huyu mwanamke hata hongera yake ina miiba.

30 Novemba

Kumi na moja. Sasa nimemwelewa Tiroia.

Biribo alikuja mchana, peke yake, akapanda kwenye ulingo wangu wa kupumzikia akakunja miguu. Alileta makopo mawili ya nyama na akaniuliza habari za magoti yangu. Tukaongea juu ya watoto. Kisha akashusha sauti, akaangalia mkeka, nami nikajua kabla hajafungua mdomo, kwa maana kila mtu hapa huangalia mkeka hivyohivyo.

"Mkwe. Nakuomba pipa moja. Wavuvi wamerudi na samaki, sina barafu, samaki wataoza."

Nilikuwa na maneno tayari. Nilikuwa nayo tangu Oktoba, makali, ya kutosha mtaa mzima. Lakini niliyaandaa kwa watu wasio wangu. Huyu ndiye baba wa nyumba anayolala binti yangu. Kama ningesema hapana, Bwenaata ndiye angekula hiyo hapana, asubuhi na jioni.

Nikavua kamba ya ufunguo shingoni. Pipa moja. Najiambia pipa moja si kitu.

5 Desemba

Kila mtu ana kikohozi cha vumbi. Mgao ulienda salama.

7 Desemba

Naandika hili ili angalau daftari lijue.

Biribo alirudi usiku uleule wa pipa. Safari hii hakutaka pipa, alitaka lori lake dogo lijazwe, lile lenye tangi la plastiki mgongoni. Mara nne. "Kesho wakati wa ibada," akasema, "tusiwasumbue watu." Kesho yake, Jumapili, hata mchungaji alishangaa kwa nini sikuwa kanisani. Ndiyo, nilikuwa nimeshika bomba la lori. Wenzangu wakiimba, nikiwasikia, mimi nasikiliza maji yakiondoka.

Leo kijiti kimeonyesha tisa. Ingekuwa kumi. Mzee Kaiea aliniuliza mbele ya kamati, kama kila Jumamosi, "Alama ngapi, mama?"

Nikasema kumi.

Wamechagua mtu asiye na ndugu, wakasahau kwamba ana binti. Nami nilisahau. Tulidhani sote kwamba undugu ni kitu ambacho mtu anacho au hana, kama mguu.

11 Desemba

Mjukuu wa Tiroia anaharisha tangu juzi. Kasaobati, mtoto wa miaka minne, yule anayependa kukaa juu ya mfuniko wa tangi na kutupangia nani asimame wapi. Wamempeleka hospitali. Inasemekana alikunywa maji ya kisima.

Nilienda kwa Tiroia na sukari na chumvi. Sikumkuta. Nyuma ya nyumba nikakutana na Tebano, yule mzee kipofu anayeishi pembeni mwa uzio, ameshika kikombe. Hayupo kwenye orodha yangu. Si kaya, ni mtu mmoja, na kwenye mkutano hakuna aliyemkumbuka.

"Ni wewe, Tiroia?" akauliza. "Leo yangu haijaja."

Kumbe. Tangu Oktoba. Ndoo kubwa, mstari uliofutwa. Tiroia alikuwa akimnywesha mzee huyu kutoka mgao wake, na mgao usipotosha, nyumba yake inamalizia kwa kisima. Nilimwandika mwizi, kwa wino. Mwizi wa kweli nimemfungulia tangi mimi mwenyewe, Jumapili, na nyimbo zikiendelea.

Nimeifuta ile karatasi mpaka imetoboka. Nimempa Tebano kata mbili kutoka mtungi wangu, na sitaki sifa kwa hilo.

13 Desemba

Kasaobati amerudi, amekonda, macho makubwa. Nilikwenda kwa Tiroia nikamwambia yote. Niliyaona maneno yakitoka bila kupambwa: pipa, lori, mara nne, halafu Jumapili iliyofuata mara nne tena, maana alirudi, sikuandika kwa aibu. Nilitegemea anipige.

Aliendelea kusuka mkeka. "Nilijua. Magurudumu yaliacha mchanga umelowa. Kwenye ukame huu, nani ana mchanga uliolowa?"

"Na hukusema?"

"Nilitaka kuona utasema lini." Akakata ukindu kwa meno. "Biribo si shetani, Aroita. Ni binamu yangu, namfahamu. Harusi hakuipanga kwa ajili ya maji. Alingoja tu. Na akishazoea kuomba hataacha, kwa sababu wewe ndiye uliyemfundisha kwamba unatoa."

"Nitamkatalia."

"Huwezi. Ukimkatalia, umeiharibu nyumba ya binti yako, na watu watakuwa upande wake. Hata mimi nitakuwa upande wake, na nitakuchukia huku nikiwa upande wake."

Nikamuuliza basi nifanye nini. Akasema yeye hajui, yeye ni mtu wa ndoo.

14 Desemba

Saba. Nikamwambia Mzee Kaiea ukweli, faraghani. Akasugua magoti. "Tutalimaliza maneabani, Jumamosi ijayo," akasema. "Mpaka hapo usimfungulie mtu." Kisha, kwa sauti ya mtu aliyechoka: "Kosa ni letu pia. Tulikuchagua kwa sababu ya upweke wako, tena tukakucheka."

17 Desemba

Leo Biribo hakuomba maji. Ameomba ufunguo.

Alikuja na Bwenaata. Hapo ndipo nilipojua ni vita, kwa kuwa alimweka mtoto wangu katikati yetu kwenye mkeka. Krismasi imekaribia, akasema, mtaa mzima utataka barafu, samaki, vinywaji baridi. Mimi nimechoka, magoti mabovu, kwa nini nisumbuke? Aushike yeye, atagawa yeye, ana vijana, ana lori.

"Mkwe. Nakuomba ufunguo."

Bwenaata hakuniangalia. "Mama, mpe tu," akasema. "Tafadhali. Mimi ndiye ninayekaa kule."

Nimeishi na uoga mwingi maishani, uoga wa bahari, wa daktari, wa barua. Lakini leo kitu kilikatika ndani yangu na badala ya uoga nikahisi hasira safi, iliyotulia, ninayoweza kuitumia. Huyu mtu amechukua neno letu zuri kuliko yote, neno ambalo limetulisha kwenye visiwa visivyo na kitu, akaligeuza kuwa mfereji wa kumwagia maji ya watoto kwenye mtambo wake. Sawa. Basi mfereji una ncha mbili.

"Umeomba," nikamwambia. "Utapata. Njoo uuchukue Jumamosi maneabani, mbele ya watu. Ufunguo wa watu haupokelewi kwenye ulingo wa mjane."

Alifurahi. Alidhani namheshimu.

Bwenaata alibaki nyuma kidogo. Nilitaka kumshika. Akasema, "Usinifanyie jambo, mama." Akaenda.

21 Desemba, Jumamosi

Nitaandika yote leo, kabla sijaanza kusikia wengine wakilisimulia vibaya.

Watu wote walikuja. Biribo alivaa shati jipya. Mzee Kaiea alinipa nafasi ya kusema, nami nikaanza na langu, kwa sababu nilijua nikilichelewesha sitalisema.

"Alama ni sita. Zingekuwa nane. Mbili nimezitoa mimi, kwa siri, siku ya ibada, nikawadanganya kwamba ni kumi wakati ni tisa. Mniseme."

Walinisema. Sitaandika yote. Mama mmoja wa upande wa kaskazini alinitupia kiatu, na kilinipata. Nilisimama mpaka walipochoka.

"Aliyeyachukua amenijia kama ndugu, na mimi nilitoa kama ndugu. Jumanne ameomba ufunguo. Kwa mila zetu, ombi hilo halikataliwi, na mimi sikatai." Nikavua kamba. Nikavuka maneaba nzima, na magoti haya, nikaweka ufunguo kwenye kiganja cha Biribo. "Chukua, mkwe."

Nikasikia mtu akisema "amerogwa huyu". Biribo akatabasamu, akafunga kiganja. Sikurudi kwenye mkeka wangu. Niliketi chini palepale mbele yake, nikakunja miguu, nikaangalia mkeka.

Tabasamu likamtoka. Alikuwa wa kwanza kuelewa.

"Mkwe," nikasema, na nikahakikisha sauti inafika mkeka wa mwisho. "Nakuomba paa la ghala lako."

"Paa?"

"Paa. Na mifereji ya bati iliyo dukani kwako, na mabomba ya kuleta maji yake hapa kwenye tangi letu. Sitaki ulibomoe. Likae hapohapo lilipo, likufunike barafu yako. Nataka mvua yake."

Mtu mmoja akacheka nyuma, halafu kumi, halafu wote, na hakikuwa kicheko cha dhihaka. Biribo akasema, "Mkwe, haya ni mambo ya kuzungumza nyumbani."

"Ungeweza kuyazungumza nyumbani," Mzee Kaiea akamjibu taratibu, "kama lako ungelizungumza hapa."

Biribo alizungusha macho akitafuta mtu. Angekataa nini? Kiganja chake kilikuwa kimeshika nilichompa dakika hiyohiyo. Akasema, "Paa nimekupa."

Nikajua nimeshinda nusu, na nusu nyingine imo mkononi mwake. Kusema kweli sikuwa na mpango wa hiyo nusu. Nilikuwa nimeamua kwamba ufunguo ukienda, nitalala juu ya mfuniko wa tangi mpaka wanitoe.

Hapo ndipo Tiroia aliposimama. Alivuka akiwa na ile ndoo yake ya buluu, akaipindua, akaikalia mbele ya Biribo, kwa kuwa yeye kukaa chini kwa ustaarabu hajapata kujifunza.

"Mtoto wa mama mkubwa," akasema. "Bibi yetu mmoja, titi moja. Nakuomba huo ufunguo."

Paa lilikaribia kung'oka kwa makelele. Biribo alisema, "Tiroia, usinichezee."

"Nakuchezea wapi? Miaka hamsini sijakuomba hata kiberiti. Ulizeni watu. Leo naomba. Unanipa au hunipi, useme tu, nami nitakwenda kuliambia kaburi la bibi."

Akampa. Bila kumtazama, akiunyoosha kwa vidole viwili.

Tiroia aliupeleka mpaka kwangu akanivalisha kamba shingoni, kwa nguvu, ikanikwangua sikio. "Mimi nina ndugu mia, siwezi kuushika hata siku moja," akawaambia watu. "Huyu ana mkwe mmoja tu, naye kuanzia leo hatakuwa na uso wa kuomba."

Tuliyoamua: ndoo moja badala ya mbili. Mzee Tebano aandikwe. Kijiti kipimwe mbele ya watu watatu. Kiatu nimekirudisha kwa mwenyewe.

Bwenaata alikuwa kwenye mkeka wa wakwe zake. Aliondoka nao. Hakugeuka.

25 Desemba

Krismasi bila barafu. Tumecheza vilevile.

28 Desemba

Tano na nusu. Riteti amepanda juu ya ghala na vijana wawili kufunga mifereji. Nikamuuliza habari za mke wake. "Mzima," akasema, na akarudi kugonga misumari. Hajasema zaidi, lakini anapiga misumari vizuri, kila mmoja umekaa sawasawa.

4 Januari

Tano. Mifereji imekamilika, inang'aa. Watu wanapita wakiiangalia na kuguna. Kejeli mpya ya mtaani: "Aroita ameomba paa, sasa aombe mvua."

9 Januari

Nimempelekea Bwenaata samaki wa kukaanga. Mama mkwe wake aliwapokea samaki mlangoni, yeye sikumwona.

18 Januari

Nne. Tiroia sasa hukaa nami kwenye mgao na kuwapigia watu kelele ili mimi nisichoke. Mtu akilalamika anamwambia, "Nenda ukalie kwenye tangi, machozi yaliongeze."

25 Januari

Tatu na nusu. Nafikiria: niliyatetea maji haya, na maji yanakwisha vilevile, na binti yangu nimempoteza kwa paa kavu. Tiroia ameniona nikifikiria. "Ukijuta nakupiga," akasema. "Ungempa, yangekwisha Krismasi, na binti yako angekuwa anakusalimia huku akikudharau." Sijui kama ni kweli. Lakini ufunguo siutoi.

30 Januari

Upepo umegeuka. Magharibi. Sithubutu kuandika zaidi.

1 Februari, Jumamosi

Imenyesha.

Ilianza saa tatu asubuhi, ghafla, na bati la ghala likanguruma hata tukashindwa kusikiana. Watu walitoka uchi na nusu uchi, na sufuria, na beseni, na mtoto mmoja na kofia ya baba yake. Mimi nilikimbilia bomba la ghala, nikaligeuza pembeni, maji yakamwagika mchangani.

"Unafanya nini wewe!" walipiga kelele. "Ingiza! Ingiza ndani!"

"Bado! Bati lina mavi ya ndege ya miezi minne! Acheni lioge!"

Wakataka kuninyang'anya. Kweli, wanaume wazima, wakinivuta mkono, maji meupe yakipotea mbele ya macho yao. Nikalikumbatia bomba kwa mikono miwili nikahesabu kwa sauti hadi mia tatu, na Tiroia akasimama mbele yangu na ndoo ya buluu tayari kumpasua mtu kichwa. Mia tatu. Nikaonja. Nikaligeuza.

Tulikaa tukisikiliza maji yakiingia. Tebano kipofu alisema ni sauti ya mtu mnene anayecheka. Hadi saa kumi kijiti kilikuwa kwenye kumi na moja. Kumi na moja! Nusu ya hiyo ni ya paa la Biribo.

3 Februari

Mgao, ndoo mbili kama zamani. Jua limerudi lakini hakuna anayelitukana.

Bwenaata alikuwa kwenye foleni na ndoo za kaya yao mpya, Riteti amewaandikisha mbali na Biribo. Sikuwa nimemwona kwa karibu tangu Desemba. Amenenepa kidogo usoni, nikajua sababu, na sikusema kitu. Aliposogea mbele yangu alitua ndoo mbili chini.

"Mbili, mama."

Nilijaza ya kwanza. Nilijaza ya pili. Maji yalimwagika kidogo kwa kuwa nilikuwa siangalii maji.

"Baba mkwe ameniagiza nikuombe ya tatu," akasema. Sauti yake ilikuwa tambarare, ya kutangaza, foleni yote ilisikia. Tiroia aliacha kutafuna.

Nilishika kata. Nilijiuliza kama nitaanza upya yote, mkutano, kiatu, mwezi na nusu bila salamu. Nilikuwa tayari. Magoti yalikuwa tayari.

"Na wewe," nikamuuliza, "unaniomba?"

"Hapana," Bwenaata akasema. "Nimemwambia foleni inaanzia wapi."

Akajitwisha ndoo moja, akashika ya pili, akageuka. Nyuma kabisa, baada ya mtu wa ishirini na ngapi, alisimama Biribo na ndoo zake mbili, jua likimpiga, akiangalia vidole vya miguu yake.

Zamu yake ilipofika nilimjazia mpaka ukingoni.